Mpangaji halipi, kampangisha mtu mwingine, na mkataba umeisha. Nikibadilisha kitasa nina kosa?

#1 Mwenye Funguo
Wakuu, habari. Niende moja kwa moja. Nina nyumba nimepangisha, mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja, kodi kila baada ya miezi mitatu. Mkataba umeisha. Mpangaji hajatoka, mkataba mpya hajasaini, na kodi ananilipa vipande vipande kwa simu. Juzi napita, nakuta uani kijana anachomelea mageti. Namuuliza wewe nani, ananijibu yeye amepanga chumba cha nyuma, na kodi anampa mpangaji wangu! Mkataba unasema wazi: hakuna kupangisha mtu mwingine, hakuna kufanya biashara.

Ndugu yangu mmoja anasema mkataba ukiisha yule ni mvamizi tu, nisubiri atoke, nibadilishe kitasa, vitu nivitoe nje mbele ya mjumbe. Mwingine anasema nikifanya hivyo mimi ndiye nitakayemlipa yeye. Sheria inanipa njia gani? Niko Tanzania Bara. Waliopitia, tieni neno.

#2 Chumba na Sebule
Huyo mpangaji ana akili ya biashara kukuzidi. Mpe umeneja.

#3 Bonge la Dari
Ndugu yako wa kwanza ana akili. Nyumba yako, hati yako, kitasa chako. Mkataba umeisha, yeye anakaa kwa haki gani? Badilisha kitasa Jumamosi asubuhi akienda sokoni, Jumatatu umeshasahau. Mkianza kuwapeleka barazani watawazeesha.

#4 Karani Mstaafu
Mleta mada, usimsikilize #3. Nimekaa masjala ya mahakama muda mrefu na mafaili ya kitasa nimeyashika mengi. Yanaanza hivyo hivyo, Jumamosi asubuhi.

Mpangaji aliyeingia kwa ridhaa yako hageuki kuwa mwizi usiku ule mkataba unapoisha. Kaingia kihalali, anatolewa kihalali. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamwekea mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu, na haki hiyo imo kwenye mkataba hata kama hamkuiandika. Ukifunga kufuli, siku hiyo hiyo mdai anakuwa yeye na mdaiwa wewe. Ulikuwa unadai kodi, sasa unajibu kesi ya fidia.

Na lipo jambo lingine kwenye maelezo yako limenishtua kuliko huyo mchomeleaji. Unasema mkataba umeisha na bado unapokea vipande kwa simu. Umepokea kwa muda gani tangu uishe?

#5 Mwenye Funguo
Zaidi ya miezi miwili, Mzee. Ningekataaje pesa yangu?

#6 Karani Mstaafu
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kwa kawaida ya sheria zetu, mwenye nyumba akipokea kodi baada ya mkataba kuisha, akaendelea kupokea kwa miezi miwili, unahesabiwa kuzaliwa upangaji mpya wa mwezi hadi mwezi, isipokuwa mlikubaliana vingine. Huna mvamizi hapo. Una mpangaji wa mwezi, na wa mwezi anatolewa kwa notisi.

#7 Mama Ploti
Karani asema kweli. Kwetu Kenya maneno hayo yamo kwenye Sheria ya Ardhi ya 2012, nayo ilichukua mengi kwa ile yenu ya 1999. Notisi ya upangaji wa mwezi haipungui mwezi mmoja, na iishie siku ya kulipa kodi. Ukiandika iishie tarehe ya katikati, wakili wake anaanza na hiyo tarehe kabla ya kufika kwenye deni.

Lakini Tanzania mnajitesa bure. Huku kuna kukamata mali kwa ajili ya kodi. Mpangaji akidaiwa, naita dalali mwenye leseni, anaorodhesha vitu, muda ukipita bila kulipwa vinauzwa. Kodi yangu inarudi, na yeye bado ni mpangaji wangu. Sijavunja mkataba wala sijagusa kitasa.

#8 Bonge la Dari
Ndiyo maana nasema! Kenya wanachukua friji bila kesi, sisi tunaambiwa tuandike barua.

#9 Mpangaji Milele
Bonge, wewe una nyumba kweli, au na wewe umepanga unajifariji humu?

#10 Baridi Kali
Mama Ploti, hapo kuna kichekesho cha kisheria. Sheria yenu ya kukamata mali, Sura ya 293, inasema mwenye nyumba ana njia ile ile anayoipata chini ya sheria ya mazoea ya Uingereza (common law). Nami niko Uingereza, nawaambia: wenyewe waliifuta tarehe 6 Aprili 2014. Kwa nyumba za kuishi haipo kabisa. Kwa majengo ya biashara waliweka utaratibu mpya, deni lifikie angalau kodi ya siku saba na wakala wa kukusanya atoe notisi ya siku saba kwanza. Kwa hiyo Kenya mnafuata ya Waingereza ambayo Waingereza hawaifuati.

Kubadilisha kitasa cha nyumba anamoishi mtu ni jinai huku, chini ya Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Kufukuzwa ya 1977. Unaweza kufungwa kwa kosa la kuingia kwenye nyumba yako mwenyewe.

#11 Mama Ploti
Wafute wao, sisi tunayo. Ila ina masharti yake. Hukamati usiku, huvunji mlango wa nje, na nguo, matandiko na zana za kazi zina kinga. Ikiwa ni duka, Sura ya 301, sheria yetu ya upangaji wa maduka, inahusika, na Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara ndilo lenye mamlaka ya kuruhusu ukamataji. Nawajua walioruka hatua hiyo, wakarudisha vitu na gharama juu.

#12 Chumba na Sebule
Kwa hiyo mashine ya kuchomelea ina kinga! Yule kijana ajenge makazi ya kudumu.

#13 Wakili Asiye na Ofisi
Nimesoma toka juu. Mleta mada amechanganya makosa matatu, na kila kosa lina tabia yake. Msipolielewa hili mtabishana mpaka asubuhi.

Kwanza, kodi. Hili ni deni. Unaweza kulidai ukiwa humtoi, na unaweza kulidai akiwa ameshatoka. Kenya na Uingereza muda wa kudai ni miaka sita, baada ya hapo mlango umefungwa.

Pili, kupangisha mtu mwingine bila ridhaa. Hili ni kosa linalotendeka mara moja, siku alipompa yule kijana ufunguo. Mwenye nyumba akishajua, anachagua: avunje mkataba kwa sababu hiyo, au auendeleze. Akijua kisha akapokea kodi iliyoiva baada ya hapo, sheria ya mazoea inamhesabu amesamehe kosa hilo. Deni halisamehewi, ila haki ya kuvunja mkataba kwa sababu ya kupangisha inaondoka.

Tatu, uchomeleaji, yaani matumizi yasiyoruhusiwa. Hili ni kosa linaloendelea. Kila siku mashine inapowaka ni kosa jipya, kwa hiyo hata ukipokea kodi leo, kesho haki yako imezaliwa upya. Kwa ushauri wangu, notisi ya mleta mada itegemee zaidi uchomeleaji kuliko kupangisha. Na kwa hili usisubiri hukumu ya kumtoa, omba zuio kazi isimame. Umeme wa kuchomelea kwenye waya za nyumba ya kuishi unaweza kukuachia majivu wakati kesi bado inatajwa.

Swali kwa mleta mada: tangu umuone huyo kijana, umepokea kipande chochote?

#14 Mwenye Funguo
Juzi jioni imeingia kwenye simu. Sikuomba, imeingia tu.

#15 Wakili Asiye na Ofisi
Ilikuwa ya mwezi gani?

#16 Mwenye Funguo
Hakuandika. Ndiyo tabia yake.

#17 Wakili Asiye na Ofisi
Basi leo hii mtumie ujumbe kwamba umeipokea kulipa deni la zamani la mwezi fulani, utaje mwezi. Mdaiwa asipotaja deni analolipa, mdai ana nafasi ya kuchagua. Ukinyamaza, atasema ilikuwa ya mwezi huu.

#18 Fundi wa Mikataba
Mimi huwa naandika kwenye risiti "imepokelewa bila kuathiri haki zangu". Halafu nalala.

#19 Baridi Kali
Uingereza hiyo haikusaidii kwenye kuvunja mkataba. Ukishajua kosa na ukapokea kodi ya baada ya kosa, maandishi ya risiti hayabadilishi kitu.

#20 Fundi wa Mikataba
Sisi hatuko Uingereza.

#21 Wakili Asiye na Ofisi
Mnaongelea vitu viwili. Kwa kusamehe kosa, Baridi ana hoja. Lakini kwa lile la #6, kama upangaji mpya umezaliwa baada ya mkataba kuisha, makubaliano ya pande mbili yana uzito, na maandishi yanaonyesha hukukusudia kumwongezea muda. Mimi ningeandika hata kama sina hakika baraza litayapokeaje. Hasara yake nini?

#22 Fundi wa Mikataba
Ndicho nilichosema.

#23 Baridi Kali
Sicho ulichosema.

#24 Jirani wa Ukuta
Niongeze kisa. Jirani yangu alifuata njia ya #3. Alitoa vitu nje mchana kweupe, mjumbe yupo, kila kitu kwenye kibaraza. Mvua ikanyesha. Mpangaji aliporudi hakugombana. Alikaa kwenye ndoo akaandika orodha: vyeti vya shule, televisheni, fedha taslimu ndani ya godoro, mpaka dawa za mgonjwa. Nani athibitishe godoro halikuwa na fedha? Mjumbe akasema yeye aliona watu wanabeba, hakuona walichobeba. Mwishowe jirani alisamehe deni lote na akaongeza juu yake ili mambo yaishe. Na huyo mpangaji kweli alikuwa anadaiwa, sote tulijua.

#25 Bonge la Dari
Alikosea kutopiga picha.

#26 Jirani wa Ukuta
Ungepiga picha godoro?

#27 Mpangaji Milele
Na mimi nisemee upande wetu kidogo. Sio kila asiyelipa ni tapeli. Paa langu lilivuja, nikaandika barua, hakuna jibu, nikatengeneza kwa hela yangu na kukata kwenye kodi. Mwenye nyumba akaniita mdaiwa sugu. Sheria ikoje hapo? Maana humu mnaongea kama mwenye nyumba hana wajibu.

#28 Karani Mstaafu
Ana wajibu, tena nimeona kesi ya kodi ikigeuka kesi ya paa. Mwenye nyumba anakuja na daftari la deni, mpangaji anakuja na risiti za mabati. Lakini kukata mwenyewe bila makubaliano ni hatari. Ulitakiwa uwe na barua, muda wa kutosha kumsubiri, na risiti. Naona barua ulikuwa nayo. Mleta mada, jiulize na wewe: lipo lolote alilokulalamikia ukalikalia kimya?

#29 Mwenye Funguo
Choo kiliziba mara moja, nikalipa nusu.

#30 Chumba na Sebule
Nusu ya choo 😂

#31 Mpakani Kabisa
Uganda tuna Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022. Kumtoa mtu bila amri ya mahakama ni kosa, mwenye nyumba anashtakiwa. Hata kupandisha kodi kuna kikomo, asilimia 10 kwa mwaka. Wenye nyumba walilia sana, lakini angalau sasa unajua unasimama wapi.

#32 Baridi Kali
Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi, wameliweka kwenye katiba, kifungu cha 26: hakuna kutolewa kwenye makazi bila amri ya mahakama iliyozingatia mazingira yote husika. Hayo "mazingira yote" ndiyo yanayokula miezi. Watoto, wazee, wataenda wapi.

#33 Bonge la Dari
Na mimi mkopo wa benki wa nyumba, nani anazingatia mazingira yangu yote?

#34 Mama Ploti
Bonge leo kasema neno, mwacheni.

#35 Mwenye Funguo
Wakuu nashukuru. Sasa naomba hatua. Naanzia wapi hasa? Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anasema nilete shauri kwake, mwingine anasema Kata, mwingine Wilaya.

#36 Karani Mstaafu
Mwenyekiti ni shahidi mzuri wa kupokea nakala ya notisi. Amri ya kumtoa mtu hana. Baraza la Kata zamani lilikuwa linaamua, lakini tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Ndani ya siku 30 likishindwa, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiruke Kata, maombi yako yatatupwa kwa sababu hiyo tu na utaanza upya. Akishindwa kesi na bado hatoki, anatolewa na dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Hakuna mwingine, hata awe mjumbe na wanamgambo wake.

#37 Fundi wa Mikataba
Kata ni kwa mgogoro wa maslahi kwenye ardhi. Kama anadai kodi tu, hilo ni deni la mkataba kama madeni mengine, apeleke mahakama ya kawaida.

#38 Karani Mstaafu
Hadai kodi tu, anataka nyumba. Akigawanya mawili atalipa ada mara mbili na kuulizwa kwa nini ameligawanya.

#39 Fundi wa Mikataba
Nimeona yamegawanywa na yakapita.

#40 Karani Mstaafu
Nami nimeona yakirudishwa.

#41 Mzanzibari Halisi
Na msisahau kumwambia kwamba hayo yote ni ya Bara. Ardhi si jambo la Muungano, kwetu sheria nyingine na taratibu nyingine. Watu wanasoma uzi kama huu halafu wanakuja kutugombeza.

#42 Wakili Asiye na Ofisi
Kabla ya baraza lolote, mleta mada, mkataba wako umelipiwa ushuru wa stempu?

#43 Mwenye Funguo
Stempu ipi tena?

#44 Wakili Asiye na Ofisi
Nilijua. Mkataba usiolipiwa ushuru haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipe, na adhabu juu. Wenye nyumba wengi wanaligundua hili siku wamesimama mbele ya mwenyekiti wa baraza na karatasi mkononi. Lipa sasa. Na jiandae: ukipeleka karatasi za kodi ya pango mahali rasmi, utaulizwa kama na mamlaka ya mapato nayo inaijua hiyo pango.

#45 Chumba na Sebule
Hapo ndipo wenye nyumba wote wa humu walipotoka mtandaoni kwa pamoja.

#46 Wakili Asiye na Ofisi
Kuhusu notisi yenyewe. Itaje kosa kwa tarehe, itaje kiasi cha deni na ni cha miezi gani, itaje anachotakiwa kufanya na muda wa kukifanya, na iseme usipofanya nitaomba nirudishiwe nyumba. Mpe mkononi asaini. Akikataa kusaini, awepo shahidi anayeandika kwamba amekataa. Kutuma kwenye WhatsApp kunasaidia kuthibitisha alijua, ila usikutegemee peke yake kama mkataba unataja njia nyingine.

Na chagua lugha yako. Ukisema "nimevunja mkataba", usimdai tena "kodi ya mwezi ujao". Baada ya hapo unachodai ni fidia ya kukalia nyumba yako, kila mwezi mpaka atoke. Fedha inaweza kuwa ile ile, lakini ukiiita kodi umefufua mkataba uliouua.

#47 Mama Ploti
Na asishangae yule mtu akifika na deni lote kwenye mfuko siku ya kesi. Kwetu mahakama inaweza kumrudishia upangaji akilipa na kurekebisha makosa. Nilifukuzana na mmoja vile, akalipa mpaka senti ya mwisho, nikabaki naye. Sasa hivi ndiye mpangaji wangu anayelipa mapema kuliko wote. Ananichukia, lakini analipa.

#48 Bonge la Dari
Kwa hiyo anakaa bure mwaka mzima, siku ya mwisho analipa, anaitwa mpangaji mwema?

#49 Mama Ploti
Ulitaka kodi au ulitaka kisasi?

#50 Jirani wa Ukuta
Dipoziti hakuna aliyeitaja. Si akate humo?

#51 Mwenye Funguo
Nilichukua ya mwezi mmoja. Deni limeshaipita.

#52 Fundi wa Mikataba
Usiiguse mpaka atoke. Dipoziti ni ya uharibifu. Ukiila kwenye kodi leo, akitoka na milango utalipia kwa nini?

#53 Baridi Kali
Inategemea mkataba uliandika dipoziti ni ya nini. Wengi wanaandika "dipoziti" na kuweka nukta.

#54 Mpangaji Milele
Na yule kijana wa mashine? Kila mtu anamwongelea kama panya. Amelipa kodi kwa nia njema.

#55 Wakili Asiye na Ofisi
Haki yake inaning'inia kwenye ya aliyempangisha. Huyo akitoka, naye kwa kawaida hana pa kushika, anabaki kumdai fedha zake aliyempa chumba. Lakini mleta mada, muunganishe kwenye shauri. Ukipata amri dhidi ya mmoja, dalali akafika akakuta wa pili anasema "mimi sikushtakiwa", mtarudi mlikotoka. Na usipokee hata shilingi kutoka kwake. Mkono kwa mkono na wewe, anakuwa wako.

#56 Mwenye Funguo
Jana alitaka kunilipa mimi moja kwa moja! Alisema yuko tayari hata kuongeza.

#57 Chumba na Sebule
Nilisema toka #2. Umeneja uende kwa huyu kijana.

#58 Bonge la Dari
Kwa kweli hilo mimi ningelifikiria. Mtoe mkorofi, mwachie fundi, mwandikie mkataba wa biashara wenye waya zake na mita yake.

#59 Karani Mstaafu
Halafu mkorofi aje na mkataba wake wa mdomo kwamba ulimruhusu kupangisha, na ushahidi wake ni kwamba ulipokea fedha kwa kijana. Bonge, unamtafutia mwenzako faili.

#60 Bonge la Dari
Amalize na yule kwanza, nimesema.

#61 Karani Mstaafu
Hukusema.

#62 Mgeni wa Leo
Samahani wakuu kuingilia, nimesoma wote. Langu ni gumu kidogo. Mpangaji wangu amefariki, alikuwa anadaiwa, vitu vyake viko ndani, na wamekuja ndugu wa pande mbili, kila upande unataka ufunguo. Nimpe nani? Na deni langu namdai nani?

#63 Wakili Asiye na Ofisi
Usimpe yeyote mpaka apatikane msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Deni unamdai yeye kama msimamizi, linalipwa kutoka kwenye mali ya marehemu. Orodhesha vitu mbele ya pande zote mbili na kila mtu asaini. Fungua uzi wake, hili lina mambo yake.

#64 Bonge la Dari
Kwenye huo uzi nitanyamaza.

#65 Chumba na Sebule
Haitawezekana.